Kiboko Nyuma ya Kanisa

Machi 2, Jumapili

Daktari ameniambia niandike presha yangu kila asubuhi. Nimejaribu wiki nzima, nimechoka. Namba hazina ladha. Afadhali niandike vinavyoipandisha, maana hivyo nina uhakika navyo.

Cha kwanza ni mdogo wangu. Mtu mzima mwenye mvi, msoma mita wa idara ya maji, anayeweza kupambana na mbwa wa nyumba yoyote hadi aifikie mita, lakini hathubutu kumtazama binti yake usoni. Tangu mkewe afariki anazungumza na mtoto kupitia kwangu. "Dada, mwambie apunguze redio." Na mtoto mwenyewe ameketi naye meza moja.

Cha pili ni huyo binti. Ana miaka kumi na sita. Mimi namwita Nunda, kama yule mla watu wa hadithi, na haoni kama ni tusi. Mwezi uliopita alimng'ata mkono mwalimu wa nidhamu mbele ya shule nzima, akasimamishwa masomo hadi muhula ujao. Hasemi kwa nini. Haombi radhi. Anakula, analala, anapanda juu ya tangi la maji nyuma ya nyumba na kukaa huko miguu ikining'inia.

Cha tatu ni Mchungaji. Huyo anahitaji siku yake peke yake.

Machi 4, Jumanne

Mvua ya kwanza ya masika. Paa la jikoni linavuja palepale. Mdogo wangu anasema atalishughulikia. Hata mwaka jana alisema.

Machi 9, Jumapili

Siku ya Mchungaji.

Kabla ya kuitwa na Mungu alikuwa dalali wa mnada, akiuza magari mabovu ya watu waliofilisika. Sauti anayo, sibishi. Tatizo ni kwamba bado ananadi. Kanisa lake la mabati alilijenga ukingoni mwa mto, kwenye kiwanja alichokipata kwa bei ya bure kwa sababu kila mwenye akili alijua maji hupita hapo. Kando ya mimbari ametundika kiboko cha kuchapia, cha ngozi ngumu, kirefu kuliko mkono wake.

Leo alikuwa kwenye kitabu cha Ayubu, pale Mungu anapozungumza kutoka kwenye upepo wa kisulisuli. Nikajiweka sawa, kwa sababu sehemu ile naipenda. Akafika kwenye yule mnyama mkubwa wa majini. Akakitungua kiboko chake ukutani, akakiinua juu.

"Mmesikia? Mungu anamwambia Ayubu, kitazame kiboko hiki, nilichokiumba pamoja nawe. Siku aliyoumba mtu, siku hiyohiyo aliumba na kiboko! Kwa nini? Kwa sababu aliwajua watoto wenu!"

Watu wakasema amina. Mama Kwaya, jirani yetu na kiongozi wa waimbaji, alisema amina mbili, ya pili akinitazama mimi.

Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na nimewafelisha watoto wa kidato cha kwanza kwa makosa madogo kuliko hilo. Kwenye kitabu kilichokuwa mkononi mwake imeandikwa *huyo*, si *hicho*. Mnyama, si fimbo. Mstari unaofuata unasema anakula majani kama ng'ombe, na ningependa sana kuonyeshwa fimbo inayokula majani. Lakini mtu mzima alisimama mbele ya watu wazima wenzake, akaupindua upatanisho wa sentensi ili apate ruhusa ya kuchapa, na hakuna aliyekunja hata uso.

Baada ya ibada nilimfuata mlangoni.

"Mchungaji, yule ni mnyama. Ni huyo, si hicho."

Akanishika bega kwa upole ule wa kuuza kitu. "Mwalimu wangu, Roho hana sarufi."

"Basi anayekuandalia mahubiri si Roho, maana Roho aliyeandika kitabu hicho sarufi anaijua."

Alicheka, akamgeukia mwingine.

Ningeyaacha yaishie hapo, lakini alikuwa ameshatoa tangazo. Mwisho wa Aprili, nyuma ya kanisa, kutakuwa na Kambi ya Kuvunja, kwa watoto walioshindikana. Mzazi anamleta mtoto na mzazi ndiye anayetangulia kuchapa, kuonyesha kwamba amekubali. Kisha Mchungaji anaendelea mpaka roho ya ukaidi ivunjike. Mwaka jana alipelekwa mtoto wa fundi viatu. Alitoka mtulivu sana. Ni mtulivu mpaka leo. Ukimwita kwa nyuma anaruka na kujikinga kichwa.

Mchungaji alipouliza nani yuko tayari kumleta wa kwake, mikono ikainuka. Mmoja ulikuwa wa mdogo wangu.

Machi 12, Jumatano

Nimejaribu kuzungumza na mdogo wangu akiwa anapiga viatu rangi.

"Utampeleka kweli?"

"Nimeshatoa neno, Dada."

"Lirudishe."

"Nimelitoa mbele ya watu. Halafu wewe una njia gani? Kila siku nakusikia unamsema. Amebadilika?"

Nikamwambia anatumia rangi nyingi mno kwa jozi moja ya viatu.

Machi 16, Jumapili

Mchungaji amemleta mchoraji wa mabango. Ukuta wa nyuma wa kanisa, unaotazama mto, sasa una maneno mekundu makubwa: KIBOKO HIKI NILICHOKIUMBA PAMOJA NAWE. Kosa limepakwa rangi ya mafuta. Mama Kwaya anasema yanapendeza na yanaonekana hadi ng'ambo.

Machi 18, Jumanne

Nimeanza kumsoma Ayubu upya toka mwanzo, kalamu mkononi. Nia yangu siyo takatifu. Nataka kumkamata Mchungaji kwenye kila mstari alioukanyaga.

Machi 23, Jumapili

Mvua. Ibada ndefu. Mafua.

Machi 27, Alhamisi

Mto umejaa. Maji yamefika kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa, palepale ambapo Kambi ingejenga mahema yake. Mdogo wangu amerudi na maji ndani ya viatu alivyovipiga rangi kwa bidii. Mita za mtaa wa chini zote zimezama. Nunda alimwangalia akikamua soksi, akasema, "Si usome tu mto mzima, Baba." Mdogo wangu akanigeukia mimi: "Dada, mwambie sioni cha kuchekesha."

Aprili 1, Jumanne

Mama Kwaya ametuamsha na habari, na kwa sababu ya tarehe nilimfukuza mlangoni. Kumbe ni kweli. Mafuriko yamemleta kiboko. Dume zima, limekaa kwenye maji nyuma ya kanisa, linatoka kula nyasi pembeni ya ukuta ule ule wenye maandishi. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, nikasimama mbali. Mgongo wake ni mpana kuliko meza yetu ya kulia chakula. Alikuwa anatafuna bila haraka yoyote, na watu walioenda kumshangaa hakuwahesabu kuwa kitu.

Sijawahi kudharauliwa na kiumbe yeyote nikaridhika namna hii.

Aprili 3, Alhamisi

Afisa wa wanyamapori amekuja, kijana mwembamba mwenye koti kubwa. Amesema maneno machache: huyu hafukuzwi, maji yakishuka ataondoka mwenyewe, watu wasimsogelee na wasikae kati yake na mto. Mchungaji alimsikiliza huku akitabasamu. Alipoondoka akatuambia kwamba serikali haina imani, na kwamba mwanadamu alipewa utawala juu ya kila chenye uhai. Jumapili, baada ya ibada, atatuonyesha.

Nimekwenda kusoma sehemu yenyewe tena. Mungu anamwuliza Ayubu maswali, moja baada ya lingine. Nyati atakubali kulala kwenye zizi lako? Lewiathani, lile dubwana la baharini, utamvua kwa ndoana, umfunge kamba, awe wa kuchezewa na binti zako? Jibu la kila swali ni hapana. Hakuna hata mstari mmoja unaosema: basi kachukue fimbo ujaribu.

Aprili 6, Jumapili

Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Baada ya ibada tulitoka wote, tukasimama kwenye mwinuko wa upande wa barabara. Kiboko alikuwa nje ya maji, anakula, makalio yake yameelekea kanisani. Mchungaji alishuka peke yake, suti nyeupe, viatu vyeupe, kitabu kwapani, kiboko cha ngozi mkononi. Waimbaji walianza wimbo, lakini kila alivyozidi kushuka sauti zao zilipungua.

Akasimama karibu na ukuta, chini ya maneno yake mekundu. Kati yake na mnyama palikuwa na nafasi ya chumba kimoja tu. Akaupiga upepo kwa fimbo.

"Kwa mamlaka niliyopewa, nakuamuru, rudi ulikotoka!"

Mnyama akang'oa fungu jingine la nyasi.

"Nasema rudi! Naamuru kwa mara ya kwanza!"

Nyasi zikatafunwa.

"Naamuru kwa mara ya pili!"

Hapo nikajua kwamba ule mnada haujawahi kwisha ndani ya mtu huyu. Alikuwa ameinua mkono kabisa, anasubiri bei ipande.

Mara ya tatu hakuifikia. Kiboko alirudi nyuma hatua kadhaa, akajiweka sawa na ukuta kama mtu anayetafuta pa kukaa, na mkia wake ukaanza kuzunguka. Miaka yote nimejiuliza kwa nini Mungu, akimsifu mnyama yule mbele ya Ayubu, ausifu mkia wake na kuulinganisha na mwerezi. Mkia wenyewe ni kipande kifupi cha nyama. Niliwahi kudhani ni kosa la mfasiri. Leo nimeuona ukifanya kazi na namwomba mfasiri radhi. Kinyesi kilirushwa huku na huku kwa nguvu ambayo sikujua kwamba ipo duniani. Ukuta ulipata, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Suti nyeupe ikapata. Kitabu kikapata. Na mnyama alipomaliza aligeuka, akafunua kinywa, kinywa ambacho mtoto angeweza kusimama ndani, akakifumba polepole na kurudi majini kwa hiari yake.

Watu walikimbia. Mama Kwaya alinipita, sketi ameishika kwa mikono miwili. Mchungaji alipanda mwinuko akiwa na kiatu kimoja.

Kisha nikasikia kicheko. Nunda alikuwa juu ya ukuta wa kiwanja kilicho jirani na kanisa, anacheka kwa sauti, kichwa nyuma, machozi yanamtoka. Sijamsikia akicheka tangu mama yake azikwe. Mdogo wangu alisimama kando yangu ameupa ukuta ule mgongo. Nilidhani amekasirika. Nilipomtazama vizuri, mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Aprili 8, Jumanne

Nimepita kanisani nikitokea dukani. Mchungaji alikuwa peke yake na ndoo, amekunja suruali, anausugua ukuta kwa ufagio. Waumini wake wote wana kazi siku ya kufua. Ameanza kuzeeka shingoni, sikuwahi kuona. Anasugua vibaya, anatawanya tu. Kwa kitambo kifupi nilitaka kumwambia aanze juu ateremke chini.

Akaniona. Akajinyoosha. "Shetani amepigana vikali, Mwalimu. Ishara ya kwamba tunashinda."

Nikaenda zangu.

Aprili 13, Jumapili

Alikuwa na wiki nzima ya kutafuta wa kumtwika lawama, na amempata. Amehubiri kwamba mnyama hakuja na mafuriko, ameletwa. Yumo katikati yetu mtoto ambaye ukaidi wake umefungua mlango, naye aliketi juu ya ukuta akimcheka mtumishi wa Mungu. Hakumtaja. Hakuhitaji, vichwa vyote viligeukia benchi letu. Kambi haitaahirishwa. Kwa kuwa kiwanja kimezama, itafanyika kwenye ghala la mbao la mzee mmoja wa kanisa, kwa wiki nzima kuanzia Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, na "yule" atatangulia wengine.

Njiani kurudi nilimwambia mdogo wangu kwamba akimpeleka, asinitafute tena kwa lolote. Mlangoni akasema, "Na nisipompeleka, Dada, mimi nitakaa kanisa gani? Wale ndio waliobeba jeneza la mke wangu. Wewe ulikuwa unawasahihisha vibao vya mashada."

Ni kweli nilisahihisha. Walikuwa wameandika "pumuzika".

Aprili 15, Jumanne

Nimepanda kwenye tangi. Kwa umri wangu na goti langu. Sikutaka kupiga kelele kutoka chini majirani wasikie.

Nunda alinipa nafasi bila kuniangalia. Kutoka pale mto unaonekana, na kiboko ni doa la kijivu kwenye maji ya kahawia. Nikamwuliza kitu ambacho nagundua sikuwahi kumwuliza.

"Kwa nini ulimng'ata mwalimu?"

"Alikuwa anampiga mtoto wa kidato cha kwanza. Ameshaanguka chini, na bado anapiga."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Akatafuna kucha. "Halafu nilitaka pia kujua kama ana damu."

"Na anayo?"

"Anayo."

Nikamwambia kwamba kesho nitakwenda kwa Mchungaji, nitamweka sawa, nitamwonyesha mstari kwa mstari kwamba Mungu wa kitabu kile hakuwavunja wanyama wale, kwamba anajivunia—

"Shangazi."

"Nini?"

"Yeye anachapa. Wewe unasahihisha. Nikifungua mdomo tu, unasahihisha. Nikisalimia, unasahihisha nilivyosalimia. Wakati mwingine naona bora fimbo, inaishaga."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba "inaishaga" si Kiswahili sanifu. Mungu ni shahidi yangu, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililimeza, na limekaa kifuani siku nzima kama kidonge kilichokwama.

Aprili 16, Jumatano

Nimemkasirikia kutwa. Kasarika gani hiyo ya kulinganishwa na dalali. Nilitaka kuandika "hasira". Naacha hivyohivyo.

Aprili 22, Jumanne

Mvua siku ya tatu mfululizo. Nimemaliza Ayubu, na ile kazi ya kumkamata Mchungaji imenikinaisha. Si kwamba hana makosa. Ni kwamba kuna jambo pale ambalo hata mimi, na miwani yangu miwili, nilikuwa nalipita.

Bahari. Nilidhani Mungu aliishinda bahari kama askari anavyomshinda mwizi. Lakini pale anasimulia jinsi ilivyozaliwa. Ilitoka kwa kishindo kama mtoto anayetoka tumboni, naye akaifunika mawingu yawe nguo yake na giza nene liwe nguo ya kuzungushia mtoto mchanga. Kile kitu kinachozamisha ulimwengu kilivikwa na mkunga! Kisha akaiwekea mlango, akaiambia ifike hapa isipite. Mpaka aliuweka, siukatai. Lakini bahari hakuikausha, na mawimbi hakuyakataza kuwa mawimbi.

Na wanyama. Punda mwitu ambaye Mungu mwenyewe ndiye aliyemfungua kamba. Mbuni asiye na akili anayemcheka farasi na mpanda farasi. Kiboko. Lewiathani, ambaye mahali pengine inasemwa aliumbwa acheze baharini. Ni mfugaji gani anayewasifia wanyama ambao hawajawahi kuingia zizini mwake? Mchungaji anadhani Mungu ni mkubwa kwa sababu anaweza kuvunja chochote. Yeyote anaweza kuvunja. Hata mimi naweza, bila fimbo, kwa neno moja la adabu. Mkubwa ni yule anayeweza kukaa na kitu kisichofugika na asikiogope.

Nilitaka kumsomea mdogo wangu. Alikuwa amelala kwenye kiti, viatu miguuni. Sikumwamsha.

Aprili 25, Ijumaa

Kesho. Mdogo wangu hajagusa chakula. Nimemwambia Nunda kwamba akitaka kukimbilia kwa rafiki yeyote, nauli ninayo. Amesema hakimbii mtu.

Aprili 26, Jumamosi

Waliondoka baada ya chai, baba mbele, binti nyuma. Nikachukua mwavuli nikawafuata. Sikualikwa. Nilikuwa nimeamua kwamba fimbo ikiinuka nitajilaza juu ya mtoto, na wamchape mwanamke mstaafu mbele ya waimbaji waone itakavyosomeka.

Ghala lilinuka mbao mbichi. Mvua juu ya mabati ilikuwa inagonga hadi ulazimike kupaza sauti. Wazazi walikuwa wameketi kwenye magogo, watoto wao wamesimamishwa ukutani, mikono nyuma. Mama Kwaya alinipa nafasi, akasogea mbali kidogo.

Mchungaji hakuchelewa. Suti ilikuwa nyingine. Alimvuta Nunda kwa mkono hadi katikati, akamshika kisogo.

"Kitoto hiki," alisema, "ndicho kilichotuletea lile zimwi. Kinang'ata walimu. Kinacheka watumishi. Leo kitavunjika, na mtaona, kesho hata mnyama ataondoka." Akakitoa kiboko kwapani, akampa mdogo wangu. "Ndugu yetu, wewe ndiye wa kwanza. Onyesha umekubali."

Mdogo wangu alikipokea. Naandika kama ilivyokuwa: alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, na mimi nikasema moyoni, ndiye huyo, hajawahi kuwa na uti wa mgongo tangu tulipokuwa wadogo. Nikaweka mwavuli chini na kuanza kusimama.

Akamtazama mtoto. Siyo kunitazama mimi ili nimwambie mtoto. Alimtazama yeye, usoni, na Nunda hakuinamisha macho. Wana macho yaleyale, nilikuwa nimesahau. Wakakaa hivyo, mpaka mzazi mmoja akakohoa.

Mdogo wangu akasema kitu. Mvua ikakimeza.

"Unasemaje, ndugu?" Mchungaji akauliza.

"Huyu."

"Huyu nini?"

"Umesema hiki. Huyu." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. "Huyu ni mtu. Huyu ni mwanangu."

Mchungaji akanitazama mimi, akacheka kuwachekesha wengine. "Jamani, dada yake amemwambukiza sarufi."

"Sarufi siijui," mdogo wangu akasema. "Huyu namjua. Na nimekaa muda mrefu bila kusema naye, lakini namjua."

Akakiweka kiboko juu ya rundo la mbao, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Mchungaji akaanza kusema habari ya neno lililotolewa mbele za Mungu, habari ya nani atakayemzika, habari ya mlango wa kanisa kufungwa nyuma yake. Mdogo wangu aliyasikiliza yote. Kisha akamwambia binti yake, moja kwa moja, hakupitia kwangu: "Twende."

Nunda akatoka. Hakumshika mkono wala hakulia, alipita tu mbele ya wote, kichwa juu, kama kawaida yake inayowaudhi watu. Wazazi wengine hawakuinuka. Ningependa kuandika kwamba waliinuka, lakini walibaki, na tulipofika barabarani tulisikia Mchungaji akiita jina la anayefuata. Mama Kwaya peke yake ndiye aliyetoka, akasimama mlangoni, akasema amesahau kitu jikoni. Sijui kama alirudi.

Njiani nilitaka kumwambia mdogo wangu kwamba nimemdharau maisha yangu yote na leo nilikuwa mjinga. Nilijipanga, nikatafuta maneno. Nikamwambia, "Umekanyaga matope yote ya barabara hii."

"Ndiyo, Dada," akajibu.

Nimeona haya.

Aprili 27, Jumapili

Hatukwenda popote. Hakuna aliyekuja.

Aprili 28, Jumatatu

Nimevaa, nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii kueleza yanayofanyika ghalani. Bibi wa mapokezi aliniambia nirudi kesho. Nimemwambia nitakaa. Nimekaa. Mchana alitoka mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, na jioni gari lao lilionekana mtaa wa ghala. Watoto wamerudishwa makwao. Mtaani sasa naitwa mchawi wa sarufi.

Mei 2, Ijumaa

Maji yameshuka. Mnyama ameondoka, na hakuna aliyemwona akiondoka. Mchungaji anasema ni maombi yake.

Mei 4, Jumapili

Asubuhi jua lilitoka kavu kabisa. Nunda alivaa viatu, akasema anatoka. Hakusema anaenda wapi. Mdogo wangu akashika kijiko hewani, akanitazama, kisha akakumbuka, akamgeukia mwenyewe.

"Utarudi?"

"Sijui saa ngapi," akasema, akaenda. Mlango aliuacha wazi, kama kawaida.

Tumekaa, wazee wawili, chai ikipoa. Adhuhuri ikapita. Mdogo wangu akauliza kama tumtafute, nikasema sijui. Naogopa. Nimeshazoea kuogopa na kuiita adabu, lakini leo naiandika kwa jina lake: naogopa kwamba hatarudi, au atarudi vilevile alivyo, na sisi hatuna kitu kingine cha kumpa ila kuwepo.

Nimemsomea mdogo wangu ile habari ya punda mwitu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Halafu punda akarudi?"

Nikatafuta mstari kwa kidole. Haukuandikwa. Imeandikwa tu kwamba alifunguliwa kamba, na aliyemfungua anajivuna kwa hilo.

Sasa ni magharibi. Hajarudi bado. Mlango uko wazi, hakuna kati yetu aliyeinuka kuufunga, na mbu wanaingia.